Alichokiona Roswitha Kehl

Niederhain, 25 Novemba 1956

Kaka Justus,

Pokea salamu za watu wawili waliobaki na nyumba ya vyumba vingi. Mimi sijambo. Baba naye hajambo, ila kikohozi chake cha baridi kimerudi, na shali niliyomfumia amekataa katakata kuivaa, anasema shali ni ya vikongwe. Binti wa Landgrebe ameolewa Jumamosi. Tulikula keki hadi tukachoka. Landgrebe mwenyewe alikwenda kanisani na nusu ya masharubu, maana Baba ndiye aliyemnyoa asubuhi ile. Kijiji kizima kilicheka, Baba akacheka nao, akasema ndio mtindo wa mjini siku hizi. Mimi sikucheka sana.

Habari kubwa ni kwamba shule imepata hadubini. Zimetoka chuo kimoja kilichofungwa, kuukuu lakini nzima, na zinatosha wanafunzi wawili wawili kwa kila moja. Wiki ya kwanza nilidhani nitakufa kwa hasira. Nawaambia washushe lenzi huku wakiitazama kwa ubavuni, kisha ndipo waweke jicho na kuipandisha polepole. Wao wanaweka jicho kwanza na kuishusha, tunasikia tu kioo kinalia pa. Nawaambia waache macho yote mawili wazi. Wanafumba moja na kukunja uso kama waliolamba limau. Kuna mmoja amechora kwa ustadi mkubwa kitu kama majani meusi, akaniletea kwa fahari, ati seli za kitunguu. Zilikuwa kope zake mwenyewe. Wengine wanachora mapovu ya hewa, hadi nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: kitu cha mviringo chenye ukingo mweusi mnene ni hewa, usikichore.

Lakini nina msichana mmoja, Roswitha, binti wa Kehl wa kule juu kwenye kinu cha unga. Huyo Mungu amempa jicho. Wenzake wote wanachora kitunguu cha kitabuni, matofali yamepangwa safi kama ukuta wa benki. Yeye seli iliyopinda anaichora imepinda, iliyochanika anaichora imechanika. Nilimwuliza kwa nini hakuchora kama kitabu. Akasema, "Kitabu hakikuona kitunguu changu." Nilicheka peke yangu njia nzima. Nikamwonyesha Baba mchoro huo. Akaushika mbali, akauleta karibu, akasema mtoto ana mkono mzuri. Karatasi aliishika kinyume, jina la Roswitha lilikuwa kichwa chini, miguu juu.

Msimu wa kuchinja umeanza. Baba anatoka alfajiri na sanduku lake la ukaguzi wa nyama kama kawaida, na huwezi kumwambia apumzike. Krismasi utakuja? Haulizi, lakini ameshafagia chumba chako.

Mdogo wako,
Irmtraud


Bwawani, 5 Desemba 1956

Mdogo wangu Irmtraud,

Salamu kutoka juu ya mawingu. Mimi mzima wa afya, nina vidole vyote kumi, jambo ambalo si kila mchimbaji wa handaki hili la bwawa anaweza kulisema. Theluji inaanguka usiku na mchana, na mpishi wetu Mwitaliano anatupikia ugali wa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Nimeshausema vibaya ugali huo kwa lugha tatu na bado anatupakulia.

Unajua ninachokiota? Siku ya kuchinja kwa Kehl. Mkate, nyama mbichi ya kusaga iliyotiwa chumvi, pilipili manga na kitunguu, bado ina uvuguvugu wa nguruwe mwenyewe, na Mama Kehl anakugombeza kwamba umekula kama mgonjwa. Nikiwaambia wenzangu hapa kwamba kwetu tunaila mbichi wananitazama kama fisi. Nawajibu kwamba kwetu hailiwi mpaka mkaguzi agonge muhuri, na mkaguzi mwenyewe ni baba yangu. Basi wananyamaza.

Hayo masharubu ya Landgrebe yamenichekesha. Usiyakuze. Baba amenyoa kijiji hicho tangu kabla hatujazaliwa, siku moja mkono kuteleza si ajabu. Krismasi sitaweza kuja, msimamizi hatoi ruhusa, na barabara yenyewe haitabiriki. Mwambie Baba asinifagilie chumba.

Jambo moja tu. Baba akikaa kukagua, nani huwa naye? Mtu wa kumshikia taa na kumpangia vioo, vitu vidogo kama hivyo. Nauliza tu. Usimwambie kama nimeuliza.

Kaka yako,
Justus


Niederhain, 14 Desemba 1956

Kaka Justus,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Sisi hatujambo kwa miili. Mshumaa wa pili wa kungojea Krismasi tumeuwasha Jumapili, kikohozi cha Baba kimepungua, na sasa niache salamu maana nina jambo zito.

Kehl alichinja Jumanne. Baba akaenda, akakagua, akagonga muhuri, na jioni ile ile watu wakala nyama mbichi kama ilivyo ada: wenye nyumba, mchinjaji, majirani wa kinuni, hata mchungaji alipitia. Mimi nilikuwa nimewaambia wanafunzi kwamba anayechinja kwao alete kipande kidogo cha nyama iliyokwisha pigwa muhuri, tuone nyuzi za msuli. Alhamisi Roswitha akaleta chake kwenye karatasi ya mafuta. Akakata kijipande chembamba, akakibana baina ya vioo viwili kama nilivyomfundisha, akainama. Kisha akaniita taratibu, hakutaka wenzake wasikie.

"Mwalimu, kuna kitu kimejikunja humu, kama konokono ndani ya nyumba yake."

Nikatazama. Justus, mimi ni mtoto wa mkaguzi wa nyama. Wenzangu walilala chini ya picha za malaika, sisi tulilala chini ya picha ya trikina, mnyoo wa nyama ya nguruwe. Sikuhitaji kutazama mara ya pili, ila nilitazama. Nikasogeza kioo kidogo, kulikuwa na mwingine. Nikasogeza tena.

Nikasema, "Ni povu la hewa. Osha kioo uanze upya."

"Lakini Mwalimu, hewa ina ukingo mweusi. Hiki hakina."

"Roswitha Kehl, mwalimu ni nani hapa?"

Darasa likacheka. Akaenda kwenye beseni akaosha kioo, na daftarini mwake akafuta alichokuwa ameanza kuchora. Nilisimama pale nikamwangalia akifuta.

Unajua kama ninavyojua. Mnyoo ule ukiliwa mbichi unazaana tumboni, watoto wake wanaingia kwenye damu na kwenda kulala katika nyama ya mtu, mikononi, machoni, kwenye ulimi, na wakiwa wengi moyo hauvumilii. Waliokula Jumanne wameshakula. Lakini soseji mbichi zimetundikwa darini kwa Kehl, na watazikata Krismasi, na watawagawia watu. Nilikwenda kwake jana kwa kisingizio cha maziwa, nikamwambia Mama Kehl nimesikia kwamba mwaka huu ni vizuri kuzichemsha. Alicheka akashika mbavu. Akaniuliza nani alichemsha soseji ya kwetu tangu dunia kuumbwa, kisha akanifungia moja nije nayo nyumbani. Iko kabatini. Kuila siwezi, kuitupa siwezi.

Nikisema, Baba amekwisha. Watamnyang'anya muhuri, watampeleka mahakamani, na watu wote aliowanyoa na kuwalisha kwa amani miaka yote hiyo watapita upande wa pili wa barabara. Nisiposema, sijui. Labda ni wachache. Labda mimi nimekuza. Nimeshindwa kuamua peke yangu, na wewe ndiye mkubwa. Niletee telegramu, neno moja linatosha. Sema au nyamaza.

Tena kwa nini uliuliza nani anakaa na Baba?

Irmtraud


Niederhain, 28 Desemba 1956

Kaka,

Heri ya Krismasi iliyopita. Baba anakusalimu, amekula bata vizuri. Kila siku nakwenda posta, na mzee wa posta ameshaanza kunionea huruma, anadhani nina mchumba aliyeniacha. Wanasema njia za kwenu zimezibwa na maporomoko ya theluji. Naomba iwe ni theluji. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi mshindo sitaki kuusikia.

Kwa Kehl wanaumwa. Ilianza kwa kuendesha, kisha homa, na sasa nyuso zimevimba kuzunguka macho. Daktari Wiegand amesema ni mafua ya mwaka huu, maana hata mjini yapo. Mchinjaji naye yu kitandani. Mchungaji alihubiri Krismasi akiwa ameegemea mimbari, akasema amelala vibaya. Roswitha hakuja kwenye igizo la kanisani, na alikuwa amepewa sehemu ya malaika.

Mama Kehl anakamua ng'ombe na homa yake. Nilimkuta Jumatano na ndoo mbili, macho yamebaki mstari, ananiambia mafua hayajawahi kumlaza mtu wa kinuni. Walikuwa wamekata soseji siku ya Krismasi. Aliniuliza ile yangu niliionaje. Nikasema tamu.

Sasa nakwenda na Baba kila anakoitwa. Namwambia nataka kujifunza kwa ajili ya wanafunzi. Anaketi kwenye hadubini yake, anazungusha, anainama, kisha anainuka na kunipisha, "Hebu nawe tazama." Nikisema safi, anagonga muhuri. Ameupokea utaratibu huo upesi mno, Justus, kama mtu aliyeuzoea. Nguruwe wote tangu hapo wamekuwa safi kweli.

Basi niandikie.

Irmtraud


Bwawani, 21 Desemba 1956

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako nimeipata leo, na naijibu leo leo ingawa sijui posta itashuka lini. Mimi mzima. Tumempoteza mtu mmoja handakini, Mtyroli wa milima hii, jiwe lilimwangukia. Alikuwa na mdomo mchafu na roho nzuri.

Kwanza tulia. Umeona minyoo kwenye kipande kimoja cha nyama. Huenda ilikuwa imekufa zamani na kugeuka chokaa, huwa inatokea. Huenda watu wakapata homa kidogo ikapita. Watu wazima wa Niederhain wamekula mabaya kuliko hayo wakati wa vita na wako hai. Huwezi kumchimbia baba yako kaburi kwa sababu ya kitu alichokiona mtoto wa shule.

Nakwambia nyamaza. Kaa wewe kwenye hadubini yake msimu huu uishe, kisha mwezi wa tatu mpeleke kwa daktari wa macho mjini, wamwone huo mtoto wa jicho, aache kazi kwa heshima na kijiji kimfanyie karamu. Mzee wa miaka sabini na nne hawezi kusimama mbele ya hakimu. Atakufa hata kabla ya kuitwa jina.

Na huyo msichana usimhofu. Watoto husahau. Umemwambia ni hewa, basi ni hewa.

Nimesoma tena barua yako nione kama kuna ulichouliza nikakiruka. Nadhani nimejibu yote.

Kaka yako akupendaye,
Justus

Nyongeza, 3 Januari: Barabara imefunguliwa leo, ndiyo maana unaipata sasa. Heri ya mwaka mpya.


Niederhain, 10 Januari 1957

Justus,

Nasi tunakutakia mwaka mwema. Pole kwa kufiwa na mwenzako.

Barua yako ilifika juzi asubuhi. Niliisoma nimesimama jikoni, na nikuambie ukweli: nilifurahi. Maji yalikuwa motoni, na mpaka yalipochemka nilikuwa nimefurahi, maana uliniambia nilichotaka kuambiwa. Nikafikiria hata kuoka mkate.

Halafu mama Landgrebe akabisha hodi, alikuwa anatoka kinuni. Akasema Mama Kehl hawezi tena kutafuna wala kuinua kikombe, analishwa uji na mumewe. Akasema Roswitha macho yamefumba kabisa kwa uvimbe, amelala kaelekea ukutani, anauliza kama ni mchana au usiku. Akasema ajabu ya mafua haya, hayawapati wasiokuwapo siku ya kuchinja. Alilisema hilo hivi hivi tu, huku akijipangusa viatu. Yule mama hakusoma, lakini si mjinga, na si yeye peke yake atakayefikiri hivyo.

Nilimwambia Baba kwanza. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Nilimwambia kila kitu, Roswitha, darasa, soseji, na alinisikiliza bila kunikatiza. Sikumwuliza kitu. Aliyasema mwenyewe.

"Justus ndiye aliyekuwa akitazama. Misimu miwili. Alikuwa akisema safi, nami nagonga. Mwaka huu hapakuwa na mtu wa kusema, nikasema mwenyewe."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi. Akasema mimi ningemkataza. Ni kweli, ningemkataza. Na wewe ulijua ningemkataza, ndiyo maana ukaondoka kimya kimya na kumwachia sanduku. Sitaki maelezo marefu. Niandikie tu ndiyo au hapana: ulipopanda treni ulijua kwamba haoni?

Baba akavaa koti. Alitaka kwenda mwenyewe, nikamzuia kwa sababu ya barafu. Nikachukua ile soseji kabatini nikaenda kwa Daktari Wiegand. Ana hadubini ndogo ofisini. Nilimkatia kipande, nikakibana, nikamwekea sawa, maana hata yeye anashusha lenzi akiwa ameweka jicho. Alipoona akatoa miwani, akaniuliza niliigundua lini.

Nikasema jana.

Usiniulize kwa nini nilisema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, kama lile la hewa. Sasa wagonjwa wote wamepelekwa hospitali ya mjini, polisi wamezikusanya soseji za kijiji kizima na kuzichoma nyuma ya zimamoto, na harufu yake bado iko kwenye mapazia. Baba amekabidhi muhuri. Mficha maradhi kilio humfichua, Mama alikuwa akitwambia hivyo tulipoficha vidonda vya magoti. Kilio bado hakijaja. Naomba kisije.

Irmtraud


Bwawani, 2 Februari 1957

Mdogo wangu,

Telegramu yako ya msiba niliipata. Masikini Mama Kehl. Pole, na mpe pole Kehl, na Baba. Nilimkumbuka marehemu usiku kucha, sauti yake, na zile sahani zake za maua ya buluu. Mazishi yamekwisha pita, kwa hiyo kuja sasa hakutasaidia mtu.

Huku baridi ni ya kuvunja mawe. Tumevuka sehemu mbaya ya handaki na msimamizi ametoa mvinyo. Wanasema kufikia vuli tutatokea upande wa pili, na ndipo kazi nyingine itaanza bondeni, pengine miaka miwili zaidi. Nimekubali kubaki. Nimeanza kuuzoea ugali.

Nakutumia chokoleti kwa ajili ya yule msichana. Mpe, usiseme imetoka kwangu.

Barua hii nimeiandika na kuichana mara kadhaa, ndiyo maana imechelewa. Mwambie Baba namsalimu sana. Yale mengine tutaongea tukionana, si mambo ya barua.

Je, hao polisi au watu wa wilaya, kuna yeyote aliyeuliza habari zangu?

Justus


Niederhain, 31 Machi 1957

Justus,

Salamu. Theluji imeyeyuka, ndege wamerudi, Landgrebe amepata mjukuu kwa mwanawe mkubwa. Baba anakula kidogo. Mchana anaketi dirishani, na watu wakipita anainua mkono kuwasalimu kwa mazoea. Hawamrudishii. Haoni kama hawamrudishii, na mimi simwambii. Nywele zao sasa wanakwenda kukatiwa kijiji cha pili. Mazishini kwa Mama Kehl alisimama nje ya lango la makaburi kwa sababu Kehl alimtumia ujumbe asiingie. Alisimama kwenye tope mpaka watu wote wakatoka mbele yake, kofia mkononi.

Hakuna aliyeuliza habari zako. Lala. Baba amewaambia watu wa wilaya kwamba alifanya kazi peke yake siku zote na hakuwahi kusaidiwa na mtu. Wameandika hivyo, na kesi ni mwezi wa tano. Wakili anasema kwa umri wake hatafungwa. Nami nilikuuliza neno moja, ukaniletea chokoleti. Basi, nimeelewa, sitakuuliza tena.

Daktari Wiegand alinieleza juu ya Mama Kehl. Hakuwa na nia ya kunichoma, alikuwa anajilaumu mwenyewe kwa kusema mafua. Alisema ugonjwa huo hauna dawa ya kuuondoa, lakini kama angeujua mapema angewapa sindano ya kupunguza uvimbe, na yule mama angemfunga kitandani asinyanyue hata kijiko. Moyo uliokwisha kuingiwa na minyoo haukustahimili ndoo za maziwa. Alikufa akiwa na miaka thelathini na tisa. Daktari akasema, "Lau ungeigundua Krismasi badala ya Januari, Mwalimu." Nikasema ndiyo, lau.

Roswitha amerudi shule wiki hii. Amekonda, shingo imekuwa ndefu, akipanda ngazi anapumzika katikati na kushika moyo. Nilikuwa nimemngojea miezi yote hiyo. Nilijua kwamba yeye ndiye mtu pekee nje ya nyumba yetu anayejua kwamba mimi niliona. Usiku nilikuwa nikimsikia akimwambia baba yake, akimwambia polisi, nami nikijibu hivi na hivi. Asubuhi zote nilitazama mlangoni nione nani anakuja. Hakuja mtu. Alilala hospitali na mama yake akafia chumba cha pili, na hakusema. Sijui kama anadhani mimi kweli sikuona, au anajua. Nilikuwa nimeazimia kumwita baada ya darasa, nimwombe msamaha, kisha niende naye kwa baba yake nikaseme mwenyewe. Nililiweka azimio hilo kwa moyo wote, Justus, nakuapia. Chokoleti yako niliiacha nyumbani.

Ijumaa tulirudia kitunguu, kwa ajili ya mtihani. Wengine wote wakainama, tukasikia kioo kimoja kimepasuka, kawaida. Yeye alikaa wima mbele ya hadubini, mikono magotini. Nikadhani macho bado yanamuuma. Nikaenda nikainama karibu naye, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama nimsaidie kuirekebisha lenzi.

Akanitazama. Hakuwa na hasira wala kejeli. Aliuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mwenye duka.

"Mwalimu, niambie kwanza nione nini."

Darasa zima lilikuwa linasikiliza. Yale yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa mdomoni, yalikuwa yamefika kwenye meno.

Nikasema, "Kitunguu."

"Ahsante, Mwalimu," akasema. Akachukua kalamu, akachora kitunguu cha kitabuni, matofali yaliyonyooka, safi, mstari juu ya mstari, wala hakukigusa kioo kwa jicho. Kisha akaandika jina lake juu na kuniletea nimpe alama.

Irmtraud